Sumu Isiyoandikwa Kwenye Kopo

Maneno ya msaidizi wa kisheria wa kikundi, yaliyotolewa katika mkutano mkuu wa kuadhimisha miaka kumi

Hongereni kwa kufikisha miaka kumi. Vikundi vingi vilianza pamoja nasi mwaka 2015, na si vyote vilivyobaki.

Kamati ya maandalizi ilinitaka niseme machache kuhusu "haki za mlaji". Neno hili mlaji likitajwa, wengi tunafikiria unga, mchele na mafuta. Lakini kisheria mlaji ni kila anayetumia bidhaa. Kwa hiyo leo nitasema habari za vitu ambavyo hatuvitii mdomoni, ila vinaingia mwilini kila siku: krimu, sabuni, poda na dawa ya nywele. Na swali langu ni hili: mtu akidhurika kwa sumu ambayo haikuandikwa kwenye kopo, anamdai nani, na anadai vipi?

Najua kuna wanaonong'ona kwamba siku ya pilau si siku ya kuzungumzia sumu. Nivumilieni kidogo. Jambo hili limekwisha kuingia ndani ya sanduku letu.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Wanachama wa zamani mnakumbuka kikao cha mwaka 2023. Wahusika wote wawili wamo humu ukumbini, na wameniruhusu nieleze bila kutaja majina.

Mwenzetu mmoja alinunua krimu ya uso kwa mwenzetu mwingine. Krimu ilikuwa kwenye kopo jeupe lililojazwa kwa mkono, halina karatasi wala maandishi. Wiki chache baadaye uso ukaanza kuwaka moto, ngozi ikachubuka, kisha yakabaki mabaka meusi. Akaacha kukaanga vitumbua kwa sababu hakuweza kukaa karibu na moto. Biashara ikasimama miezi miwili, na marejesho yake yakasimama pia.

Akamfuata aliyemuuzia. Yule naye akajibu: "Mimi si mtengenezaji, nami nimeuziwa jumla mjini." Tena mzigo ule aliununua kwa mkopo wa kikundi hiki hiki. Risiti hakupewa. Kopo lenyewe lilikwisha kutupwa jalalani, kwa hiyo hata kilichokuwamo hakikuweza kupimwa.

Tulikaa kikao mpaka magharibi. Mfuko wa jamii ukalipa matibabu, muuzaji akarudisha bei ya krimu, tukayamaliza kindugu. Lakini jamani, hebu tufikiri. Katika shauri lile walikuwapo wanawake wawili wasio na uwezo, wakilaumiana mpaka kikundi kinataka kuvunjika. Wa tatu hakuwapo: aliyekoroga ile krimu, akaijaza kwenye kopo, akapata faida. Yeye alilala usingizi wake. Hakuitwa, hakuulizwa, kwa sababu hakuna aliyejua jina lake. Kopo lisilo na maandishi ni kinga ya huyo wa tatu.

Kisa cha konokono

Haki ya kumdai mtengenezaji usiyemjua wala kumwona haikuanguka kutoka mbinguni. Ilidaiwa mahakamani na mwanamke mmoja maskini.

Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, mama aitwaye May Donoghue aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Wakaletewa soda ya tangawizi kwenye chupa ya kioo cheusi kisichoonyesha ndani. Mama yule akanywa. Rafiki alipomimina iliyobaki, wakasema wameona mabaki ya konokono aliyeoza yakitoka chupani. Mama Donoghue akaugua tumbo.

Sasa angalieni ugumu wake. Soda hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa. Na kiwanda hakikuwa na mkataba naye hata kidogo. Kwa sheria ya siku hizo ilionekana hana wa kumdai. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi kule London, naye akaruhusiwa kushtaki kama mtu asiye na mali. Mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakatamka kwamba mtengenezaji anayefunga bidhaa yake ili imfikie mlaji vile vile ilivyotoka kiwandani, bila nafasi ya kuikagua njiani, ana wajibu wa kumwangalia mlaji huyo asidhurike, hata kama hawajaonana maishani.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zilirithi msingi huo kutoka sheria ya Kiingereza. Kwa hiyo hata kama krimu alinunua mumeo au binti yako akakupa zawadi, bado wewe uliyedhurika unayo njia. Chupa nyeusi ya wakati ule ndiyo kopo letu la leo: hatuoni kilichomo, tunamwamini aliyefunga.

Habari ya poda

Kesi kubwa kuliko zote za aina hii katika miaka yetu ni ya poda ya watoto ya kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani. Nani humu hakupakwa poda akiwa mtoto?

Poda hiyo ilitengenezwa kwa talki. Talki ni jiwe laini linalochimbwa ardhini na kusagwa. Asbesto nayo ni madini ya ardhini, na mahali pengine hukaa katika mwamba ule ule pamoja na talki. Kwamba asbesto husababisha saratani, hilo halina ubishi. Ubishi uliopelekwa mahakamani ni huu: je, poda ilikuwa na asbesto, na je, kampuni ilijua ikanyamaza?

Mwaka 2013, katika jimbo la South Dakota, mama mmoja mwenye saratani ya ovari alishinda nusu nusu. Wananchi walioketi kama waamuzi walikubali kwamba kampuni ilizembea, lakini hawakumpa hata senti moja. Wengine wangekata tamaa hapo. Julai 2018, mjini St. Louis, wanawake 22 walifungua njia: waamuzi waliamuru walipwe dola bilioni 4.69 kwa pamoja. Sita kati yao walikuwa wamekwisha kufariki kabla ya kusikia neno hilo. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ilishusha malipo hadi kama dola bilioni 2.1, na Juni 2021 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri tena. Hapo ikabidi kulipa.

Kilichowasaidia nini? Makaratasi. Katika kesi za namna hii mahakama hulazimisha kampuni kutoa barua na taarifa zake za ndani. Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilieleza, kwa kutumia makaratasi hayo, kwamba tangu mwaka 1971 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 vipimo vya talki na poda vilikuta mara nyingine kiasi kidogo cha asbesto, na kwamba kampuni haikuwaambia wasimamizi wa serikali wala wateja. Kampuni imekanusha siku zote. Inasema poda yake ni salama na haina asbesto. Na ni kweli pia kwamba kesi nyingine kampuni ilishinda, na hukumu nyingine zilitenguliwa kwenye rufani. Sisemi haya ili mtu atoke hapa akidhani mahakamani ni kuokota fedha.

Mei 2020 kampuni ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada. Lakini nchi nyingine za dunia iliendelea kuuzwa, na ilikoma mwaka 2023, ikabaki ile ya unga wa mahindi. Mmeelewa hapo? Kwa miaka mitatu, bidhaa iliyoondolewa kwenye maduka ya kwao iliendelea kuuzwa kwa wenzao wa mbali. Mara tatu, mwaka 2021, 2023 na 2024, kampuni ilijaribu kuyapeleka madai yote kwenye mahakama ya mufilisi kupitia kampuni ndogo iliyoundwa kwa kazi hiyo. Mara zote tatu ilikataliwa, ya mwisho ikiwa Machi 2025. Julai 2024 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu.

Dawa ya nywele

Hili linatugusa karibu zaidi, maana humu ndani wapo wanaotia dawa nywele na wapo wanaolipwa kuwatia wenzao.

Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo baada ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Walihesabu hivi: kati ya wanawake 1,000 ambao hawakutumia dawa ya kunyoosha nywele, kama 16 wangepata saratani ya mji wa mimba wafikapo umri wa miaka 70. Kati ya 1,000 waliotumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, wangekuwa kama 40. Kwa hiyo wengi hawapati. Lakini kutoka 16 hadi 40 si jambo la kupuuza, hasa kwa mtu anayefanya ritachi kila baada ya wiki sita tangu akiwa msichana.

Mwezi ule ule kesi ya kwanza ikafunguliwa katika jimbo la Illinois, na Februari 2023 kesi za mahakama za shirikisho zikakusanywa mbele ya jaji mmoja mjini Chicago. Wanawake wanadai kwamba dawa hizo zina kemikali zinazovuruga homoni, na kwamba hawakuonywa. Makampuni yanakanusha. Utafiti peke yake hausemi kwamba saratani ya mama fulani ilitokana na kopo fulani. Hilo kila mmoja atalazimika kulithibitisha.

Neno moja la kukumbuka hapo. Kwa sheria za Marekani, mtengenezaji anaweza kuandika "manukato" tu kwenye orodha, na ndani ya neno hilo moja zikajificha kemikali nyingi zisizotajwa. Kwa hiyo hata kopo lenye maandishi mazuri haliwezi kusema yote. Sembuse lile lisilo na maandishi kabisa.

Zebaki

Sasa nirudi nyumbani, kwenye mkorogo. Siji kumhukumu anayejichubua. Mtu hajichubui kwa kupenda ugonjwa. Tangu utoto ameambiwa kwamba mweupe ndiye mzuri. Nazungumzia kilichomo.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu huwa mweupe. Lakini haiishii usoni. Hupita kwenye ngozi ikaingia kwenye damu, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mjamzito akitumia, mtoto tumboni hupata sehemu yake. Na vumbi lake linabaki kwenye taulo na mashuka, wakalala nalo watoto.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo wa kuvimba mwili. Walipoulizwa, 32 kati yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miongoni mwa waliofuatiliwa baada ya kuacha krimu, kama nusu walipata nafuu. Hiyo ilikuwa Nairobi, zaidi ya miaka hamsini iliyopita! Mwaka 1976 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wao. Hata hivyo sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa huko huko Ulaya kwa miaka mingi, kwa ajili ya kuuzwa Afrika.

Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa kula samaki waliochafuliwa na zebaki ya kiwanda. Ugonjwa ule ulitambuliwa mwaka 1956. Wagonjwa walishinda kesi yao kubwa mahakamani Machi 1973. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi. Mkataba ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ni mwanachama. Vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya miligramu moja kwa kilo vilipigwa marufuku baada ya mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kile kiwango kidogo kilichoruhusiwa, ifikapo mwaka 2025.

Utaitambuaje? Kwa macho huwezi kuwa na uhakika, lakini zipo dalili. Ukiona kwenye karatasi neno "mercury", "mercurio", "mercuric iodide" au "calomel", hiyo ni zebaki. Na ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, jihadhari sana. Zebaki huharibu vito, ndiyo maana wanakuonya uvue pete. Pete imeonewa huruma, figo hazikuonewa.

Sheria yetu inasema nini

Kwanza, usimamizi. Zamani vipodozi vilikuwa chini ya TFDA. Tangu mwaka 2019 kazi hiyo imehamia Shirika la Viwango, TBS. Malalamiko ya krimu, sabuni au dawa ya nywele yapelekwe huko. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inayoshughulika na kumlinda mlaji na bidhaa bandia.

Pili, madai dhidi ya muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka ahadi ndani ya kila mauzo ya mfanyabiashara, hata kama hamkuitamka: kwamba bidhaa inafaa kwa kazi yake. Krimu ya uso inayounguza uso haifai kwa kazi yake.

Tatu, madai dhidi ya mtengenezaji kwa uzembe, ndiyo yale ya konokono.

Nne, muda. Madai ya madhara ya uzembe yana miaka mitatu. Ya mkataba yana miaka sita. Ukikaa unasema "namwachia Mungu" na huku unataka kudai, muda unakwenda. Kumwachia Mungu ni ibada njema, lakini tarehe nazo ziandikwe.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, ninayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Si wakili, na sisimami mahakamani kwa niaba ya mtu. Ila kuandika barua ya madai, kupanga vielelezo na kumwelekeza mtu kwa wakili wa msaada, hayo naweza, na kwa mwanachama sidai malipo.

Funguo tatu

Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Asipokuwapo mmoja, halifunguki, hata kama fedha zimo. Madai nayo yako hivyo hivyo.

Ufunguo wa kwanza ni kopo. Lazima uonyeshe kwamba bidhaa ilikuwa na sumu. Ukiona madhara acha kutumia mara moja, lakini usitupe. Funga kopo na kilichobaki kwenye mfuko wa plastiki, weka mbali na watoto, piga picha ya maandishi na namba ya toleo.

Ufunguo wa pili ni risiti. Lazima uonyeshe kwamba ulinunua au ulipewa, lini, na kutoka wapi. Ulilipa kwa simu? Usifute ule ujumbe. Hakuna risiti? Andika kwenye daftari siku hiyo hiyo, na shahidi aweke sahihi.

Ufunguo wa tatu ni karatasi ya daktari. Lazima ionekane kwamba madhara yametokana na kitu hicho. Nenda hospitali na kopo mkononi. Usimfiche daktari kwa aibu. Ukisema "nimeungua na mvuke wa sufuria", ndivyo atakavyoandika, na maneno hayo yatasomwa mahakamani dhidi yako. Mama zangu, aibu imewapa wauza sumu faida kubwa kuliko matangazo yao yote.

Mwenzetu wa mwaka 2023 hakuwa na ufunguo hata mmoja. Kopo jalalani, risiti hakuna, na cheti cha hospitali kiliandikwa "mzio" tu.

Muuzaji naye ni mwanamke

Sasa nawageukia mnaouza, maana hamko upande wa adui. Mbele ya mnunuzi, neno "sikujua" halikutoi. Yeye alinunua kwako, atakudai wewe. Kinachokuokoa ni kuwa na risiti ya aliyekuuzia wewe, ili nawe umdai yule, na yule amdai aliye juu yake, mpaka madai yamfikie aliyekoroga. Mnyororo ukikatika kwako, mzigo wote unabaki kwako. Kwa hiyo anayekunyima risiti huku akikupunguzia bei hakukusaidia. Amekuuzia kesi yake.

Na mzigo ukikamatwa na wakaguzi, huteketezwa. Mkopo hauteketei. Marejesho yanaendelea kudaiwa, na waliokudhamini watakulipia. Ndiyo maana nikasema jambo hili limo ndani ya sanduku.

Dada mmoja aliniuliza juzi, tena kwa uchungu: "Nikiacha kuuza za kopo, ada ya mtoto utalipa wewe?" Ni swali la haki, wala sikumjibu kwa hasira. Faida ya krimu zile ni kubwa kuliko ya kitenge na kuliko ya dagaa. Wengine wangependa niseme, basi maliza kwanza zilizopo dukani. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu zitamalizikia usoni kwa mtu. Ila pia siwezi kusema mwenye duka abebe hasara yote peke yake, wakati riba ya mkopo ule tuligawana sote mwisho wa mwaka. Kama tulikula faida pamoja, gharama ya kuacha nayo tuibebe pamoja.

Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima naomba mkutano huu ujadili na kupigia kura yafuatayo:

1. Mkopo wa biashara ya vipodozi na dawa za nywele utolewe pale tu mwombaji atakapoonyesha bidhaa yenye jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na uthibitisho kwamba imesajiliwa TBS.

2. Kikundi kisikopeshe fedha kwa ajili ya mkorogo wala krimu yoyote ya kujazwa kwa mkono.

3. Mwanachama mwenye mkopo wa sasa wa bidhaa hizo, akikubali kuziondoa dukani, aongezewe miezi mitatu ya marejesho bila faini wala riba ya ziada. Najua gawio la mwaka huu litapungua. Nimepiga hesabu na mweka hazina, na kila hisa itapungua kidogo, lakini itapungua. Msije mkasema baadaye hamkuambiwa.

4. Kila mwanachama anayeuza atoe risiti, na atunze risiti za alikonunua kwa miaka isiyopungua sita.

5. Wasusi na wenye saluni wavae glavu, wafungue madirisha, na wamwambie mteja wazi ni dawa gani anatiwa, wakimwonyesha boksi lake.

6. Mfuko wa jamii ulipe nauli na gharama za vipimo kwa mwanachama aliyedhurika na bidhaa, awe mnunuzi au muuzaji, na katibu aweke daftari la matukio hayo. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa ana mzio. Wakiandikwa kumi wenye kopo la aina moja, hilo si mzio tena, ni ushahidi. Wale wa St. Louis walikuwa 22 katika kesi moja.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita tulikuwa wanawake 18, kila mmoja na hisa zake chache, na watu walitucheka kwamba shilingi za kuunga haziwezi kujenga kitu. Leo wapo humu waliojenga, waliosomesha, walionunua cherehani na majokofu. Tuliweza kwa sababu kila shilingi iliandikwa. Hakuna fedha iliyoingia sandukuni bila daftari, na hakuna iliyotoka bila sahihi. Ninachoomba ni kwamba uangalifu ule ule tulioupa fedha zetu, tuipe na miili yetu. Krimu isiyo na maandishi isiingie mlangoni, kama vile fedha isiyo na maandishi haiingii sandukuni.

Mapendekezo haya nayakabidhi kwa katibu ili yaingizwe kwenye muhtasari wa leo. Wenye swali au wenye kupinga wasimame waseme; kura itakuwa ya siri kama kawaida yetu.